Uliza Mwalimu: Alikuwa wa sita, viti ni sita, mbona amekosa udiwani?

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi, huu ni mwaka wa tano niko Ireland, katika mji mdogo wa katikati ya nchi. Kwenye uchaguzi wa Juni 2024 kaka mmoja Mkenya tunayesali naye aligombea udiwani wa kaunti, bila chama. Eneo letu lina viti sita. Hesabu ya kwanza ilipotangazwa alikuwa wa sita, tukashangilia, kina mama wakaanza kupika. Kumbe hesabu zinaendelea! Ilipofika ya kumi na moja, usiku wa manane, akatangazwa mtu aliyekuwa wa nane mwanzoni, na kaka yetu akabaki nje. Kwetu Tanga watu wangesema kura zimeibwa. Tena kuna jambo linaninyima usingizi: kwenye karatasi yangu niliandika 1 kwake, basi. Niliogopa nikimwandikia mwingine 2 nitampunguzia. Je, ni mimi niliyemponza?
Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Marahaba, mwanangu. Naanza na hilo linalokunyima usingizi: hukumponza. Kule mpiga kura huwapanga wagombea kwa namba, 1 kwa anayemtaka kwanza, 2 kwa anayefuata, na kuendelea. Namba 2 haisomwi mpaka yule uliyempa 1 awe amemaliza safari yake, ama kwa kushinda akabakiwa na kura za ziada, ama kwa kuondolewa. Kaka yenu hakuondolewa. Alibaki kinyang'anyironi mpaka hesabu ya mwisho. Karatasi yako ilikaa ndani ya fungu lake tangu asubuhi hadi wanazima taa. Hata ungeandika 2, 3 na 4, hakuna mtu ambaye angezitazama.

Lakini hofu yenyewe haina msingi, na nimeikuta kwa watu wetu wengi mno, kwa hiyo nitaisema wazi. Namba 2 haiwezi kumdhuru namba 1 wako hata siku moja. Ni kama kumtuma mtoto dukani: “Leta sukari ya kilo, ikiwa imekwisha, leta asali.” Kutaja asali hakupunguzi sukari. Mgombea wako angekuwa wa mwisho na kuondolewa mapema, karatasi yenye 1 peke yake ingewekwa kando, na wewe ungekuwa umetoka chumbani wakati wenzako bado wanazungumza.

Sasa kuhusu wizi. Nilikaa nchi hiyo miaka minane kwa binti yangu, nikapiga kura za madiwani tarehe 24 Mei 2019 na tena 7 Juni 2024. Mara hiyo ya pili nilimsaidia mgombea mmoja wa kujitegemea, na Jumamosi asubuhi nikawa ukumbini, jengo la michezo lenye meza ndefu na uzio wa chuma unaofika kifuani. Saa tatu masanduku yanafunguliwa. Makarani wanakunjua karatasi na kuzilaza uso juu, zile za udiwani upande mmoja na zile za Bunge la Ulaya upande mwingine, maana chaguzi zilifanyika siku moja. Upande wetu wa uzio tumesimama na vibao vya kuandikia, tunachora vijiti kwa kila namba 1 tunayoiona. Mimi nilipewa sanduku la shule ya msingi niliyopigia kura mwenyewe. Kilichonigusa ni hiki: baada ya kila sanduku, mawakala wa vyama vinavyoshindana walikaa meza moja wakajumlisha vijiti vyao pamoja na kugawana karatasi ya majibu. Kabla ya chakula cha mchana ukumbi mzima ulishajua picha ya kura za kwanza, saa nyingi kabla msimamizi hajashika kipaza sauti. Nimesimamia vituo huku nyumbani, najua uzito wa jambo hilo. Kura zinazohesabiwa mbele ya macho mengi hivyo si rahisi kuziiba.

Basi alikosaje? Kwetu kata moja hutoa diwani mmoja, na mwenye kura nyingi ndiye anayebeba. Ukiwa na mazoea hayo, orodha ya hesabu ya kwanza unaiona kama matokeo. Kule ni mwanzo tu.

Chukua mfano wangu mwenyewe, wenye namba za kufundishia. Eneo lina viti sita na kura halali 7,000. Unagawa kwa viti pamoja na kimoja, yaani saba, unapata 1,000, unaongeza 1. Kiwango cha kushinda ni 1,001. Kwa nini si 7,000 kugawa kwa sita? Kwa sababu 1,001 ndiyo namba ndogo kabisa ambayo watu sita wanaweza kuifikia na wa saba asiweze: sita mara 1,001 ni 6,006, zinabaki 994.

Mgombea wa kwanza amepata 1,301. Ameshapita, ana ziada ya 300, na ziada haitupwi. Makarani wanapanga upya karatasi zake zote 1,301 kwa kufuata namba 2. Ikiwa nusu ya zile zenye namba 2 zinamtaja mtu fulani, mtu huyo anapata nusu ya ziada, yaani karatasi 150, zinabebwa kwa mikono kutoka fungu hili kwenda lile. Ziada ikiisha au isipokuwepo, anaondolewa wa mkiani, na kila karatasi yake inakwenda kwa anayefuata aliyebaki. Kila mzunguko kama huo wanauita hesabu. Mpaka ya kumi na moja, watu wamelala juu ya viti. Na diwani wa mwisho mara nyingi hutangazwa bila kufikia kiwango, kwa kuwa wengine wote wamekwisha.

Huyo aliyeanza wa nane, naweka dau alikuwa na mwenzake wa chama katika eneo hilo hilo. Chama kikisimamisha watu wawili, mmoja akiondolewa, kura zake nyingi zinamwendea aliyebaki, kwa sababu wapiga kura wao wameshazoea kuandika 1 na 2 kwa chama kimoja. Kaka yenu hakuwa na mwenzake. Alikuwa na sisi tu, na sisi tulishampa tayari.

Hapo ndipo penye somo lililonigharimu. Mwaka 2019 nilikuwa nagonga milango na mgombea mwingine. Bibi mmoja mwenye mbwa akaniambia kwa upole, “Namba 1 nimeshampa kijana wa jirani.” Nikamshukuru, nikaaga, nikapita nyumba ya pili. Mgombea alipokuja nyuma yangu alirudi mlangoni kwake, akasema, “Huyo kijana ni mzuri, mpe. Mimi naomba namba 2.” Bibi akacheka, akakubali. Nyumba ngapi nilizipita siku ile na namba 2 zao zikiwa mezani! Tulishindwa kwa kura chache, na mpaka leo ninapokumbuka mtaa ule najua mahali zilipobaki.

Nguvu ya uhamishaji huo unaiona hata kitaifa. Mwaka 2024 nchi nzima ilichagua madiwani 949 katika halmashauri 31. Chama cha Fine Gael kilipata asilimia 23.0 ya kura za kwanza, chama cha Fianna Fáil 22.9. Kwa hesabu yetu Fine Gael wangekuwa mbele. Viti vilitoka hivi: Fianna Fáil 248, Fine Gael 245. Idadi ya wagombea na mgawanyo wao vina sehemu yake, lakini namba 2 na 3 nazo zilifanya kazi. Mfumo huu wameuanza katika mji wa Sligo, Januari 1919, na serikali imewaomba wananchi waufute mara mbili kwa kura ya maoni, 1959 na 1968. Mara zote mbili wananchi wamekataa. Nawaheshimu kwa hilo.

Na mgeni asiye na chama anaweza kupita. Rotimi Adebari alifika kutoka Nigeria akiomba hifadhi mwaka 2000. Mwaka 2004 akachaguliwa diwani wa mji wa Portlaoise kama mgombea wa kujitegemea, na 2007 akawa meya, mtu mweusi wa kwanza kushika cheo hicho nchini.

Mwambie kaka yenu atafute jedwali kamili la hesabu kwenye halmashauri. Kila safu inaonyesha nani aliondolewa na karatasi zake zilikwenda kwa nani. Atazame safu ambazo yeye alipata tatu au nne tu wakati wengine walipata arobaini. Wapiga kura wa wagombea wale ndio wa kuwatembelea kabla ya 2029. Akiona hesabu fulani ina shaka, anayo haki ya kuomba karatasi zirudiwe palepale ukumbini, na baada ya hapo ipo mahakama.

*

Mwalimu, mdogo wangu yuko Dublin kwa kibali cha kazi. Wenzake wanamwambia asiye raia hapigi kura. Ni kweli?
Msomaji, Mombasa

Si kweli kwa udiwani. Mkazi yeyote wa miaka 18 na zaidi anapiga kura za halmashauri, na anaweza kugombea, pasipoti iwe ya nchi gani. Kwa wabunge wa taifa ndipo wanataka uraia, wa Ireland au wa Uingereza. Sharti ni awe ameandikishwa kwenye daftari mapema, mahali anapoishi sasa. Akihama nyumba, abadilishe. Asisubiri uchaguzi utangazwe. Mimi mwenyewe nilijiandikisha wiki ya pili baada ya binti yangu kunionyesha fomu, na siku ya kura nilikuta penseli imefungwa kwa uzi kwenye kibanda. Karatasi ina picha za wagombea wote, wamepangwa kwa herufi za majina ya ukoo. Ashuke nayo mpaka chini kabla ya kuandika 1, kisha aendelee na 2, 3, 4, kadiri anavyowafahamu.