Sydney hadi Cairns kwa wiki tatu

Ndugu, umeuliza kama wiki tatu zinatosha kutoka Sydney hadi Cairns, pwani ya mashariki ya Australia, kwa gari la kukodi, huku ukiteleza mawimbini kwa ubao, ukitembea milimani na kulala hemani. Ningekushauri uishie Noosa, mji wa pwani ulio njiani, kwa sababu mbele yake, ukishapita mji wa Agnes Water, matumbawe ya Great Barrier Reef huvunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika pwani, na ubao utabaki mzigo tu. Siku utakazookoa zitumie Byron Bay, mji ulio kabla ya Noosa, ambako mawimbi ya sehemu iitwayo The Pass ni marefu na hayamchoshi anayejifunza. Tafadhali sana, usiendeshe gari giza linapoingia, maana ndipo kangaruu huvuka barabara. Ukiogelea, kaa kati ya bendera za nyekundu na njano zinazowekwa ufukweni na waokoaji. Ukiwa na ubao, kaa nje yake.