Mdogo wangu wa Nachingwea, usinunue droni kwanza

Wiki hii nimepata ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Nachingwea. Ameandika: "Shikamoo dada. Nimemaliza diploma nimerudi nyumbani. Korosho za familia zimelipa vizuri, wazee wamekubali nichukue sehemu ya hela nianze biashara ya droni. Niambie tu ninunue ipi." Nilianza kumjibu hapo hapo kwenye simu, nikaona maneno hayaishi. Na wanaoniuliza swali hilo ni wengi, kuanzia Kilwa hadi Nanyumbu, kwa hiyo jibu naliweka hapa kila mmoja alisome.

Jibu fupi ni hili: hela hiyo iache benki kwanza. Jibu refu inabidi nikupitishe njia niliyopita mimi, ndipo utaelewa nakukataza nini na nakuhimiza nini.

Nilianza na harusi. Wakati huo Mtwara mjini wenye droni walikuwa wa kuhesabika, na mtu akitaka bibi harusi apigwe video kutoka juu kule Mikindani, simu ilikuwa inaita kwangu. Hela ilikuwepo. Halafu wakaja vijana wengine, bei ikashuka, mwisho tukawa tunafanya kazi kwa nauli na sahani ya pilau. Ningeendelea hivyo kama si mpima ardhi mmoja aliyeniomba nimpigie picha za shamba. Yeye ndiye aliyenifundisha kupanga safari ya droni kwenye tableti: unachora mpaka wa shamba, unachagua kimo, unaamua kila picha ipandiane na jirani yake kwa asilimia 70 au 80, unabonyeza. Inapaa, inakwenda na kurudi mstari kwa mstari kama mtu anayelima kwa ng'ombe, betri ikikaribia kuisha inarudi yenyewe kutua. Mikono yangu haikugusa usukani.

Siku hiyo nililielewa jambo ambalo nataka ulishike kuliko yote. Kama chombo kinaruka chenyewe, mteja hawezi kunilipa kwa sababu najua kurusha. Analipia nini basi? Analipia ramani. Analipia hesabu ya mikorosho yake, ipi imekufa, ipi imezeeka, wapi pana mapengo ya kupanda miche. Mwenye machimbo analipia ujazo wa rundo la kokoto, ambao programu inaupata kwa kuunganisha picha nyingi kuwa umbo lenye kimo na upana. Mwenye mnara wa simu analipia picha ya bolti iliyolegea kule juu ili fundi asipande kubahatisha. Hakuna hata mmoja anayelipia propela.

Ndiyo maana nasema usinunue droni kwanza. Tafuta kazi kwanza.

Na kazi huku kwetu zipo, wala usidanganywe kwamba haya ni mambo ya Ulaya. Bomba la gesi linalotoka Mtwara kwenda Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015, lina urefu unaozidi kilomita 500, na mkuza wake, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa linapopita, unapaswa kuangaliwa usivamiwe wala kumomonyoka. Kukagua mkuza mrefu kama ule ni kazi ambayo droni zenye mabawa, zinazofuata njia iliyopangwa, zimeumbiwa. Kuna chokaa inayochimbwa kwa ajili ya saruji, kuna madini ya kinywe kule Ruangwa. Kuna dawa na damu za kupeleka mbali. Rwanda walianza kupeleka damu hospitalini kwa droni zinazojiendesha mwaka 2016. Hapa hapa Tanzania, mwaka 2018, droni zilijaribiwa kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, mwendo wa kilomita 60 hivi juu ya ziwa, kwa dakika kama 40. Mtu wa Lindi akisoma hayo anakumbuka Mei 2024, mvua zilipokata barabara pale Somanga na Kusini nzima ikakwama. Mimi nilikumbuka wagonjwa.

Lakini kazi iliyonijenga mimi ni mikorosho.

Msimu uliopita tulipuliza dawa kwa droni kwenye mashamba ya kikundi cha wakulima huko Newala, juu kabisa kwenye Uwanda wa Makonde. Wanaotoka huko wanajua: Julai alfajiri kuna ukungu na baridi ya kuuma, na majani yamelowa umande. Ubwiriubwiri, ugonjwa wa kuvu wa mkorosho, unapenda hali hiyo hiyo. Unashika maua na majani machanga, unaacha unga mweupe, ua linakauka na korosho haifungi. Mkulima asipopuliza kwa wakati, Oktoba anaokota majani.

Mzee mwenye shamba alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anatuangalia tunafunga betri. Akaniuliza, "Mwanangu, hii ndege inajuaje kwamba huu ni mkorosho na ule ni mwembe?" Nikamwambia, "Haijui, babu. Mimi ndiye niliyeiambia." Siku chache kabla tulikuwa tumepiga picha shamba zima kwa droni ndogo, tukatengeneza ramani yenye vimo, tukaweka alama kwenye kila mkorosho na kuzungushia hatari zote. Mashamba yetu si kama yale ya kwenye video za matangazo, tambarare yenye mistari iliyonyooka. Mikorosho ya huku ina vimo tofauti, katikati kuna mnazi uliochomoza, kuna mwembe wa zamani, kuna waya wa umeme unaokatiza kwenda kwa jirani. Rada ya droni inaona mti. Waya mwembamba au tawi kavu lisilo na majani inaweza isilione kabisa, na hapo mamilioni yako yanalala chini. Waya ule unaukagua kwa miguu yako, asubuhi, ukiwa umeinua shingo.

Yule mzee akasimama akatupeleka upande wa bondeni. Akasema umande wa pale unakaa hadi saa tatu, na ugonjwa huanzia pale kila mwaka. Tukabadilisha mpango, tukaanzia bondeni. Hakuna programu ambayo ingeniambia hilo.

Kitu kingine kilichowavuta wale wakulima ni maji. Juu ya uwanda maji ni ya kununua. Mama mmoja alisimama karibu na pipa muda wote anaangalia tunachomimina, na tulipomaliza sehemu yake akauliza kama kweli tumemaliza. Droni inapuliza matone madogo, na upepo wa propela unayasukuma chini yapenye kwenye matawi, kwa hiyo inatumia maji machache kuliko mashine ya mgongoni. Lakini sikumficha upande wa pili: mkorosho mzee usiopogolewa, uliofungana kama paa, dawa haifiki ndani yake. Alikuwa nayo mitatu ya namna hiyo, nikamwambia aipogoe kwanza, sitaipuliza kwa hela yake. Akapogoa. Leo yule mama ndiye anayenitangazia kazi hadi Tandahimba, na naona fahari kulisema.

Sasa angalia kile ambacho muuza droni hatakuambia. Droni ya tangi la lita 30 ikijaa dawa haikai hewani hata dakika kumi. Bila betri kadhaa, jenereta ya kuzichaji na gari la kubeba vyote hivyo, utapuliza robo ya shamba na jua litakukuta umekaa. Upepo ukizidi, unaacha, maana dawa inakwenda kwa jirani na kwenye mboga za watu. Halafu kuna salfa, dawa ya ubwiriubwiri. Wakulima wetu wengi wanapata pembejeo za ruzuku, na sehemu kubwa ni salfa ya unga. Unga ule huwezi kuumimina kwenye tangi la maji. Ni lazima ujue mkulima wako ana dawa gani mkononi, maana salfa ya unga hurudiwa kila baada ya wiki mbili hivi na dawa za maji wiki tatu hivi, na ratiba yako yote inasimama hapo. Haya nimejifunza kwa mabwana shamba na kwa wataalamu wa TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo hapa Mtwara. Nenda Naliendele, mdogo wangu. Kaa nao, uliza, andika. Jifunze mkorosho kabla ya kujifunza droni.

Kuna jambo ambalo bado linaniuma, na nitalisema bila kutaja jina. Mkandarasi mmoja alinipa kazi ya kupima marundo ya kifusi na kokoto. Nilifika na msaidizi wangu, mwanaume. Meneja akampa mkono msaidizi, akamwita rubani, akaanza kumweleza kazi. Msaidizi akamwambia, "Bosi ni dada." Alinitazama, akaendelea kuongea na msaidizi. Nikafanya kazi. Nikakabidhi ramani na ujazo wa kila rundo, safi, nikapeleka ankara. Njoo wiki ijayo. Mhasibu kasafiri. Mwisho wa mwezi. Hadi leo sijalipwa, na ripoti yangu niliiona kwenye nyaraka zao ikiwa na nembo yao. Waliniona mwanamke mwenye kidude kinachoruka, wakadhani kazi ilifanywa na kidude.

Tangu hapo hakuna anayepata faili langu kamili kabla ya kulipa. Nachukua advansi, mkataba unasainiwa, mteja anaonyeshwa ramani yenye maandishi ya jina langu katikati, na akimaliza malipo anapewa iliyo safi. Wapo wanaosema nina maringo. Vijana wenzangu, na hasa mabinti, kujithamini si maringo. Ukikubali kufanya bure ili "ujulikane", utajulikana kwa bure. Mikoa yetu imeambiwa iko nyuma kwa muda mrefu kiasi kwamba na sisi tunapanga bei za watu walio nyuma. Acheni. Ramani ya Mtwara ina sentimita zile zile za ramani ya Dar.

Na fuateni sheria. Droni za biashara ziko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, kuna kanuni za mwaka 2018, na kibali cha Wizara ya Ulinzi kinahitajika pia. Huku kwetu jambo hilo lina uzito wake: tuna mpaka wa Ruvuma, tuna mitambo ya gesi Madimba na Songo Songo, tuna uwanja wa ndege. Mtu anayerusha kwa kujificha anatuchafulia wote, kwa sababu siku akikamatwa, mimi mwenye vibali ndiye nitakayesimamishwa barabarani nifungue masanduku. Kabla ya kila kazi napita kwa mtendaji wa kijiji, najitambulisha, naacha nakala. Kule Newala mtendaji mwenyewe ndiye aliyewatangazia watu wafunge mbuzi na watoto wasisogee.

Basi, mdogo wangu, fanya hivi. Nenda kwenye AMCOS yenu, yaani chama cha ushirika cha wakulima, omba nafasi kwenye kikao kabla ya Mei. Waulize wanachama nani huwa anawapulizia, anachukua shilingi ngapi kwa mti, na lini walichelewa wakapata hasara. Uliza kwa mti, si kwa ekari, maana wazee wetu wanajua idadi ya mikorosho yao kuliko ukubwa wa shamba. Tembea mashamba kumi, piga picha nyaya na minazi. Nitumie hayo yote WhatsApp. Ukiona wanaokuhitaji wanatosha kujaza Juni, Julai na Agosti, hapo ndipo tuzungumze aina ya droni, na nitakusindikiza mwenyewe kuinunua. Hela ya familia isitoke kabla ya orodha hiyo.

Na msimu huu timu yangu ina nafasi ya mtu mmoja wa kuchanganya dawa na kubadilisha betri. Tunaanzia Kitangari wiki ya pili ya Juni. Posho ipo na chakula kipo. Uje na buti ndefu, na barakoa iwe ya kemikali, si ya kitambaa.