Kadenge na mpira, lakini Kiptum na nani?

Swali lenu la wiki hii linauliza hivi: kati ya wanamichezo na wasanii waliotutoka miaka ya karibuni, ni nani unamkumbuka zaidi na nchi imuenzi vipi?

Hilo neno la kuenzi linanikera, nianze hapo hapo. Kwetu Kenya mtu ndio akifa anakua legendi. Akifariki saa mbili asubuhi, ikifika saa tatu kila mwanasiasa ashatafuta picha waliopiga pamoja, ameikata ili yeye ndio aonekane vizuri, ameweka mshumaa, ameandika pumzika kwa amani shujaa wetu. Halafu zinaanza ahadi, uwanja utaitwa jina lake, barabara itaitwa jina lake, na matanga yakiisha na ahadi zimeanuliwa pamoja na tenti. Ya Kelvin Kiptum, yule mkimbiaji wa marathoni, si mnaikumbuka. Kijana amefariki kwa ajali ya gari Februari 11, 2024 kule upande wa Kaptagat, yeye na kocha wake Gervais Hakizimana, na hata hajazikwa amri ikatoka familia ijengewe nyumba kwa siku saba. Ikajengwa! Yani uwezo wa kusimamisha nyumba kwa wiki moja tulikua nao siku zote, ilikua inangojewa jeneza tu. Sisemi vibaya familia, wao walistahili nyumba na zaidi ya nyumba, natusema sisi.

Kwa hivo mimi mkiniuliza namkumbuka nani, simtaji mchezaji wala mwimbaji. Namtaja Leonard Mambo Mbotela, alietutoka Februari 7, 2025 akiwa na miaka 84. Kuna atakaesema huyo alikua mtangazaji, swali halimhusu. Haya, hebu niambie wewe Joe Kadenge ulimjuaje? Kadenge alifariki Julai 7, 2019, yeye pia akiwa na miaka 84, na nina hakika tisa kati ya kumi waliomlilia siku ile hawakuwahi kumuona akigusa mpira hata dakika moja. Alicheza miaka ya sitini, wengi wetu hatukua tumezaliwa, na waliozaliwa wengi hawakua na hela ya kwenda uwanjani Nairobi. Lakini ingia kichochoro chochote hapa Kisauni, Mombasa, ukute watoto wanapiga mpira wa makaratasi, mmoja akiwachenga wenzake wawili lazima kuna mtu atasema "Kadenge na mpira!" Huyo mtoto hata hajui Kadenge ni mtu, anadhani ni aina ya chenga. Ile ni kazi ya Mambo, ndie alieyasema hayo maneno akitangaza mpira redioni. Mwenyewe Kadenge uzeeni alikua dereva wa teksi pale Nairobi, watu wanapanda wanashuka, na jina lake linazunguka Afrika Mashariki nzima kwa maneno matatu ya mtu mwengine. Na wangapi walikua wakali enzi zile kama yeye, ila wao hawakupata maneno yao matatu?

Alafu Mambo ni mtu wetu bwana. Kazaliwa 1940 hapo Frere Town, ukishuka Kengeleni ushafika. Kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana? kilikua ndio fimbo ya mtaa, mtu akiazima sufuria asirudishe anatishiwa atapelekwa kwa Mambo.

Lakini mimi namkumbuka kwa jambo jengine, na ndio lilonifanya niandike. Jumapili, Agosti 1, 1982. Nilikua mdogo, wa kuvaa kaptula ya skuli mpaka Jumapili. Redio nyumbani ilikua ya mjomba, ile ya betri yenye kifuko cha ngozi chenye matundu, na haikua inaguswa na mtu, akitoka anaipandisha juu ya kabati. Betri zikichoka zinaanikwa juani juu ya ukuta wa choo, na wiki hio zilikua zishaanikwa, sauti inakuja inakwenda. Bibi yuko jikoni anapika mahamri, sisi watoto tumekaa mkekani tunangoja yapoe. Mjomba akafungua redio apate vipindi vyake vya Jumapili, anapata muziki. Anangoja, muziki tena. Akaipiga kofi kidogo la ubavuni. Mara sauti, na sauti yenyewe ni ya Mambo.

Mjomba kwanza alifurahi, manake kwake yeye Mambo ni mpira, akavuta kigoda karibu. Halafu nikamuona ameacha kutafuna. Maneno sikuyapata yote kwa sababu ya zile betri, ila lilokuja wazi ni kwamba serikali imepinduliwa na wanajeshi ndio wameshika nchi. Bibi akauliza kutoka jikoni, "Mambo siku hizi anaigiza?" Alidhani ni mchezo wa redio. Hakuna aliemjibu. Akaingia jirani yetu, mzee mmoja mstaafu wa reli, kashika bilauri ya chai ameitoa kwake nayo, hata salamu hakutoa, akasema hio si sauti ya Mambo, ni mtu anamuigiza. Mjomba akasema ni yeye. Jirani akasema, Mambo gani anasoma vile? Na hapo alikua na haki kidogo, manake Mambo hata akikwambia habari za asubuhi unahisi kuna goli linakuja, na huyu wa siku hio alikua anasoma kama mtu aliesimamishwa asome barua ya deni lake mbele ya wakwe. Bas wakabishana. Nchi imepinduliwa na wazee wawili wanabishana juu ya sauti! Mjomba anasema sikiza anavotamka "wananchi", jirani anasema hata mimi naweza, akalitamka, bibi kule jikoni akacheka, jirani akakasirika akalitamka tena kwa nguvu zaidi. Mahamri yakapoa, tukayala yote na hakuna alietukataza, na mpaka leo nikisikia neno mapinduzi kitu cha kwanza kunijia ni iliki.

Tukaambiwa tusitoke nje. Baadae siku hio hio sauti ile ile ikarudi, sasa inasema serikali ya Rais Moi ipo, walioasi wameshindwa. Mjomba akamgeukia jirani, "Na huyu pia si yeye?" Jirani akasema, "Aah, huyu ndio yeye sasa." Bibi ndio alietumaliza, ashatoka jikoni, amekaa kizingitini na ungo wake anachagua mchele, hata hakuinua kichwa: "Asubuhi kampindua, saa hizi kamrudisha, wewe Mambo, huu ni ungwana?" Mjomba alicheka mpaka machozi, kisha akaingiwa na woga, akafunga mlango akatwambia maneno hayo yasisikike huko nje. Na hayakusikika, ndio kwanza leo nayaandika, bibi mwenyewe hayupo.

Mambo alikuja kueleza mwenyewe mara nyingi baada ya hapo, walimfuata kwake Ngara, kina Hezekiah Ochuka walioongoza mapinduzi yale, wakampeleka Voice of Kenya, redio ya taifa ambayo sasa ni KBC, akatangaze na bunduki ziko pale. Sasa fikirini kitu kimoja. Hawa watu wana silaha, wana ndege, kituo cha redio washakiteka, kwa nini wasisome wenyewe lile tangazo? Si ni kusoma tu? Walijua watu hawataamini. Na upande wa serikali pia waliporudi walijua watu hawataamini mpaka aseme yeye huyo huyo. Pande mbili zinapigana, na zote mbili zinamhitaji mtu anaetangaza mpira. Ndio maana nasema mchezaji anacheza lakini anaemfanya awepo ni yule anaemtangaza.

Hapo nilikua nishafika mwisho wa jibu langu. Mambo Mbotela, na KBC wafungue kanda zao za mpira tusikilize, hakuna haja ya sanamu wala uwanja. Nikataka kufunga simu.

Lakini nikirudi kusoma hayo niliyoandika naona yananipeleka kwengine. Kama mtu anabaki kwa sauti iliyomtangaza, bas Mambo hana shida, atabaki. Kadenge atabaki. Wamekula miaka yao 84 kila mmoja, wana maneno yao, watoto wa kichochoroni wanayo. Kiptum ana nini? Kijana wa miaka 24. Marathoni tatu peke yake maisha yake yote, Valencia Desemba 2022, London Aprili 2023, Chicago Oktoba 2023, na zote tatu alishinda. London nusu ya pili alikimbia kwa dakika 59 na sekunde 45, yani alipotakiwa achoke ndio alizidisha. Chicago akamaliza kwa saa 2 na sekunde 35, akaikata rekodi ya Eliud Kipchoge kwa sekunde 34, hakuna binadamu aliekua amewahi kushuka chini ya saa mbili na dakika moja kwenye marathoni rasmi. Rekodi ikaidhinishwa Februari 6, 2024, siku tano baadae hayupo. Aprili alikua aende Rotterdam.

Na mimi mbio zile za Chicago nilizitazama kwa simu, zinatangazwa kwa Kingereza na wazungu wawili wanaongea taratibu kama wako benki. Niambieni neno moja la Kiswahili ambalo mtu alilisema siku ile na leo linasemwa mtaani. Hakuna. Watoto wa huku wakikimbizana hawasemi Kiptum na barabara. Miaka ishirini ijayo atabaki nambari kwenye orodha, na nambari nayo haidumu, manake rekodi ni za kuvunjwa.

Kwa hivo kura yangu mpeni Kiptum. Ndio, najua nilivoanza. Na kuenzi kwenyewe nakutaka, ila nakutaka hivi: atafutwe mtangazaji mmoja wa redio anaejua kazi, akae na picha za Chicago kuanzia bunduki ya kwanza mpaka utepe, atangaze mbio zote upya kwa Kiswahili, pale wako wawili tu na Daniel Mateiko, pale baada ya kilomita thelathini Mateiko anaanza kubaki nyuma, mpaka pale mwisho kijana yuko peke yake barabarani anarusha mabusu kwa watu. Saa mbili za redio. Irushwe kila mwaka siku ya Chicago, mtu akiwa kwa matatu asikie, akiwa kwa kinyozi asikie.

Lakini sio na hawa wa siku hizi wanaopiga ukulele tangu dakika ya kwanza. Jina la Hakizimana litajwe, asiachwe kwa sababu ni Mrwanda. Waziri asije kuzindua. Picha zile najua ni za watu na zitalipiwa, hizo pesa zisichangishwe kwa harambee. Na mjane wake aulizwe kwanza, akisema hataki kusikia basi iachwe hio kazi mpaka wale watoto wake wawili wakue waulizwe wao.