Pedi ya PS4 inakatika katikati ya mechi? Itoe PS kabatini kwanza

Ndugu, umeuliza kwa nini pedi yako ya PS4, yaani kile kidhibiti cha mkononi cha mashine ya gemu ya PlayStation 4, hukatika mechi ikinoga, na kama ununue nyingine ya Bluetooth ama urudi kwa ya waya. Umesema uko Tudor hapa Mombasa, PS umeificha ndani ya kabati la chuma chini ya TV, na analogi ya kushoto, kile kijiti cha kidole gumba, imeanza kujivuta yenyewe. Hilo kabati la chuma ndilo lililonifanya nikae chini niandike.

Nilikuwa na kibanda cha gemu Majengo kwa karibu miaka mitano. TV sita, PS sita, pedi kumi na mbili. Mwaka wa kwanza mwizi alitoboa mabati akaondoka na PS moja. Nikamwendea fundi wa kuchomelea, akaniundia masanduku matano ya bati yenye kufuli, na vitundu vidogo vidogo nyuma vya kupitisha hewa. Usiku ule nililala usingizi wa pono.

Kesho yake makelele tangu mlango ufunguliwe. "Ami, pedi yako mbovu!" Sasa, mtu akifungwa siku zote husingizia pedi, hilo nimelizoea. Lakini siku ile hata waliokuwa wakiongoza walilalamika. Mchezaji anaambiwa apige shuti, anatulia kwanza kama anayewaza, halafu ndio anapiga. Nyingine zikakatika kabisa, ile taa ya mbele ikazima na kuwaka. Nikanunua pedi mbili mpya. Mambo yale yale. Wiki nzima nikamlaani aliyeniuzia, hadi jioni moja nilipofungua sanduku moja kupangusa vumbi nikasahau kulifunga, na vijana wa TV ile wakacheza mpaka usiku bila neno.

Pedi ya PS4 huongea na mashine kwa Bluetooth, mawimbi ya GHz 2.4 yenye nguvu ndogo sana. Mawimbi hayo hayapendi chuma. Hayapendi maji pia, na mwili wa binadamu mwingi wake ni maji, ndiyo maana mtoto akisimama katikati yako na PS waweza kuona pedi ikisitasita. Wi-Fi ya majirani nayo iko pale pale kwenye GHz 2.4, na hata mikrowevu ikiwashwa huvuja kelele mumo humo. Bluetooth imejipanga kwa kelele: huruka kati ya njia 79, mara 1,600 kwa sekunde, ikikuta moja imejaa inakwenda nyingine. Kwa hivyo mtaa wenye ruta nyingi huweza kuustahimili. Sanduku la bati lakini halina njia ya kurukia, zote zimezibwa.

Basi kabla hujatoa hata shilingi, itoe PS kabatini uiweke mahali inapokuona. Kama umeichomekea disk ya nje ya USB 3, nayo isogeze mbali kwa waya mrefu kidogo, maana vifaa vya USB 3 vina tabia ya kumwaga kelele kwenye mawimbi hayo hayo. Yangu ilikuwa imelala juu ya PS kama paka.

Ukishafanya hivyo, iunganishe upya. Zima PS kabisa, geuza pedi, tafuta kijitundu kidogo karibu na kitufe cha L2, ingiza sindano ama ncha ya pini ubonyeze sekunde chache. Kisha chomeka waya kwenye PS, uiwashe, ubonyeze kitufe cha PS. Na hapa wengi hukwama kwa jambo la kijinga: waya wenyewe. Zile waya za bei ya chini za kuchajia simu, nyingi ndani hazina nyuzi za kupitisha data, zina za umeme tu. Pedi itaonyesha inachaji lakini haitaungana hata ukeshe. Nilitupa karibu waya kumi kwa kudhani ni mbovu, kumbe zilikuwa nzima kwa kazi yake.

Kuhusu kurudi kwa waya: kuchomeka waya peke yake hakubadilishi kitu, pedi itachaji huku bado inaongea kwa Bluetooth. Inabidi uingie kwenye mipangilio, upande wa vifaa, kisha pedi, ubadilishe njia ya mawasiliano iwe ya USB. Na hilo lataka pedi ya toleo la 2016 kuendelea. Utaijua: ile ina ukanda mwembamba wa taa unaoonekana juu ya kibao cha kugusa, ya zamani taa yake iko mbele tu.

Ukiwa nayo hiyo mpya, una kipimo kizuri cha bure. Cheza mechi moja kwa waya kwelikweli, nyingine bila waya. Kama kuchelewa ni kule kule, pedi haina kosa, ni TV. TV nyingi huipamba picha kabla ya kuionyesha na hapo ndipo muda unapopotea. Tafuta kwenye menyu yake hali ya gemu uiwashe. Kuna mteja wangu mmoja alibadilisha pedi tatu kwa ugonjwa wa TV.

Sasa hiyo analogi. Hapo siwezi kukupa matumaini mengi, na sisi wa Pwani tuna balaa la ziada. Ndani ya analogi kuna kipande kinachosugua juu ya ukanda wa kaboni, kikisugua sana ukanda unalika, na mchezaji anaanza kutembea peke yake. Ongeza hewa yetu ya chumvi inayokula hadi bawaba za milango, ongeza kachiri za pilipili na ndimu, ongeza mabuyu. Wallahi mabuyu yameniulia pedi nyingi kuliko watoto kuzirusha. Ile sukari nyekundu huingia chini ya analogi ikaganda kama gundi. Mwisho niliweka ndoo ya maji na sabuni mlangoni, hushiki pedi bila kunawa.

Fungua skrubu nne za nyuma, fungua taratibu maana kuna utepe mwembamba unaounganisha bodi mbili ukikatika umekwisha, safisha kwa spiriti isiyo na maji na kijiti cha pamba. Ikiwa ni uchafu, itapona. Ikiwa ni kulika, itapona wiki moja irudi pale pale, na dawa ni kubadilisha analogi nzima, kazi ya lehemu ambayo humpa fundi mwenye mkono mtulivu. Siku hizi kuna analogi za sumaku ambazo hazisuguani. Watu huziona kama uvumbuzi wa juzi, lakini pedi ya Dreamcast ya Sega ya 1998 ilishatumia sumaku.

Betri sina mengi. Ile ya asili ni mAh 1,000. Punguza mwangaza wa taa, zima mtetemo, usiiache dirishani wakati wa kaskazi, na usiitupe kabatini miezi ikiwa tupu.

Kwa hiyo, waya ama bila waya? Kwa kibanda, ningeanza tena leo ningeweka waya zote. Si kwa sababu ya kasi. Ni kwa sababu pedi kumi na mbili zinazofanana zikichanganyika, kijana anabonyeza kitufe TV ya kwanza, inawaka PS ya tano, na ugomvi unaanza. Niliishia kuzipaka rangi ya kucha ya mke wangu, kila PS na rangi yake. Tena pedi ya waya haiondoki mfukoni mwa mtu. Kwa nyumba kama yako, yenye PS moja na mtoto anayepita pita sebuleni, waya ni wa kumkwaza mtu tu na kuiangusha PS chini. Baki na Bluetooth.

Usinunue kitu wiki hii. Toa PS kabatini, cheza siku mbili tatu, kisha niambie hapa: kukatika kumeisha? Na pedi yako ni ile yenye ukanda wa taa juu au ya zamani? Kama ni analogi peke yake iliyobaki, nina fundi Mwembe Tayari nitakuelekeza kwake.