Kinyonga hatambuliwi kwa rangi

SWALI: Mimi ni mkulima wa Lushoto. Kwenye ua wa shamba nimeona vinyonga wawili: dume wa kijani mwenye pembe mbili puani, na mwingine wa kahawia asiye na pembe. Kwenye kundi la WhatsApp wameniambia ni spishi mbili kwa sababu rangi hazifanani. Kitabu changu cha zamani kinamwita dume huyo Chamaeleo fischeri, programu ya simu inasema Kinyongia multituberculata. Nimwamini nani?

JIBU: Huyo wa pembe mbili, maadamu umemwona Lushoto, ni Kinyongia multituberculata, kinyonga wa Usambara Magharibi. Kitabu nacho hakikudanganya, kimepitwa na wakati tu. Mwaka 1986 kundi hili lilitolewa kwenye Chamaeleo likaunganishwa na vinyonga wa kusini mwa Afrika katika jenasi (kundi la spishi zenye udugu) ya Bradypodion. Baadaye vipimo vya DNA vikaonyesha kuwa hawa wa milima yetu hawana udugu wa karibu na wale, na mwaka 2006 wakapewa jenasi yao, Kinyongia. Mwaka 2008 jina la fischeri nalo likapunguzwa eneo: likabaki kwa wa milima ya Nguru na Nguu. Wa Taita ni boehmei, Usambara Mashariki wako matschiei na vosseleri, na wa kwenu akarudishiwa jina ambalo lilikuwepo tangu 1913.

Sasa hilo la rangi. Kila wiki naletewa picha ya kinyonga, na chini yake mtu ameshatoa jina kwa kuwa "huyu ni wa kijani" au "huyu ana mstari mweupe". Inaniudhi, maana kinyonga yuleyule anakuwa mweusi akiota jua la asubuhi, anatoa madoa akikutana na dume mwenzake, na usiku ukimmulika kwa tochi amelala kwenye ncha ya kijiti, amepauka. Hiyo inakueleza hali yake kwa saa ile, si ukoo wake. Pembe pia zinapotosha, kwa kuwa majike wengi wana vijipembe tu au hawana kabisa.

Kwa hiyo huyo wa kahawia anaweza kuwa jike wa huyohuyo dume. Anaweza pia kuwa jike wa Trioceros deremensis, ambaye yuko milima hiyohiyo na dume wake ana pembe tatu. Mtazame mgongo: deremensis ana tuta lililoinuka kama tanga, hulikosi hata akiwa jike. Kwa madume, sogea karibu uangalie pembe. Za Kinyongia ni bapa na zimefunikwa magamba madogo hadi nchani, ilhali za Trioceros ni za mviringo, zenye pete pete.

Lakini cha kwanza ni mlima. Picha isiyotaja mahali haifai kitu, na anayekupa jina bila kuuliza umempata wapi anabahatisha, hata ajiite mtaalamu. Ubahatishaji huo umeleta hasara. Kwa miaka mingi vinyonga wa milima mbalimbali walisafirishwa nje wakiandikwa fischeri wote, kwa hiyo kwenye karatasi alionekana mnyama mmoja aliyeenea kote, kumbe ni kadhaa, kila mmoja na kipande chake cha msitu. Tanzania ilizuia usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016, ila madalali wa kuahidi pesa kwa "kinyonga adimu" bado wapo. Akija mmoja hapo kwako, usimwonyeshe ua huo. Wala usikubali wanaohamisha vinyonga kutoka mlima mmoja kwenda mwingine "ili waongezeke": wanachanganya kilichotengana kwa mamilioni ya miaka, na wanaweza kuwapelekea wenyeji magonjwa.

Nitumie picha ya ubavu, ya kichwa kwa juu na ya mgongo, pamoja na jina la kijiji na mwinuko wake. Usimtoe mtini, mpige picha hapohapo.