Mota ya Kidijitali kwa Shopsmith ya Zamani

SWALI: Ninayo Shopsmith Mark V niliyoinunua ikiwa imetumika hapa Ohio, ambayo hupasua mbao, hutoboa na hukereza kwa mota moja. Je, inafaa kuibadilishia mota kwa ile ya kidijitali?

JIBU: Hilo hutegemea kazi yako. Kichwa cha zamani, yaani sehemu inayobeba mota, hubadili kasi kwa puli zinazopanuka na kujibana, kuanzia mizunguko 700 hivi kwa dakika, na kitasa chake cha kasi hakipaswi kuzungushwa mashine ikiwa imezimwa. Kichwa cha kidijitali, kiitwacho PowerPro, kina mota inayoongozwa na kompyuta ndogo, ambayo huhisi mzigo na kuongeza nguvu yenyewe, tena hushuka hadi mizunguko 250. Kwa mkereza mabakuli, faida kubwa ni hiyo, kwa kuwa gogo bichi ambalo bado halijakaa sawa, likizungushwa kwa 700, huitikisa mashine nzima na laweza kuchomoka. Hata hivyo, kichwa hicho hufika 10,000, kwa hiyo soma kasi kwenye kioo chake kabla ya kuwasha, hasa ukiwa umefunga msumeno. Ikiwa unapasua mbao tu, fedha hizo (wala si kidogo) heri uzitumie kwa mkanda na beringi mpya.