Tunavyosoma nyumbani kwetu

Ndugu, umeuliza nimesoma nini karibuni na kama watoto nao wanashiriki. Mwezi uliopita nilimaliza Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, nami niliona mazungumzo yake yamerudi kwenye lugha yaliyostahili tangu mwanzo. Baada ya chakula cha usiku tunakaa mkekani, na mume wangu humsomea kifungua mimba wetu Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ijapokuwa kila baada ya kurasa mbili husimamishwa aeleze maneno. Kitindamimba, ambaye hajajua kusoma, kazi yake ni kufunua kurasa, na akianza kusinzia hufunua mbili kwa pamoja.